Muulize Mjomba: "Baba hataki nisome umeme"

SWALI

Shikamoo Mjomba. Mimi ni binti wa miaka 20, nakaa Mwanga hapa Kigoma. Mwaka huu nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PGM. Nimepata daraja la tatu, pointi 13: Fizikia D, Jiografia D, Hesabu E. Kuna chuo cha binafsi Dar es Salaam kimenipokea kusoma Shahada ya Utawala wa Biashara, miaka mitatu, ada shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Mkopo nimeomba, majibu bado. Baba ananunua dagaa Kibirizi na kuwasafirisha. Amefurahi mpaka mtaa mzima unajua binti yake anakwenda chuo kikuu.

Mimi moyo wangu uko kwenye umeme. Pasi ikiharibika nyumbani nafungua mimi, na shuleni swichi za bweni nilikuwa narekebisha mimi. Nilipomwambia baba nataka kuomba umeme VETA, chuo cha ufundi stadi hapahapa Kigoma, alinyamaza kwanza, kisha akasema: "VETA ni ya waliofeli form four. Miaka 13 nimekusomesha ukashike plasi?" Kaka yangu ana shahada ya ualimu wa masomo ya sanaa, mwaka wa nne sasa anajitolea sekondari ya kata akisubiri ajira, lakini hilo baba halioni. Mama anasema nimtii baba. Nifanyeje?

Binti wa Mwanga, Kigoma

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mpwa wangu. Barua yako nimeirudia nikitafuta mahali uliposema unataka kusoma utawala wa biashara. Sijapaona. Chuo kimekupokea, baba amefurahi, mtaa umejua. Wewe mwenyewe umeonekana ulipofika kwenye pasi na swichi za bweni, hapo ndipo barua ikachangamka. Kwangu hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni hesabu, tutaifanya hapa hapa.

Kwanza tumtendee baba haki. Maneno yale hakuyatunga yeye. Sisi watu wa rika lake tulikua tukiona mtoto aliyekosa nafasi ya sekondari ndiye anayepelekwa ufundi, na aliyefaulu anatafutiwa kazi ya mezani. Mimi umeme nilijifunzia karakana ya reli Tabora, mikono imejaa grisi, na shangazi zangu bado waliwaambia wageni kwamba niko "ofisi ya reli". Kwa hiyo namwelewa.

Ila mambo hayako kama alivyoyaacha. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na leo vyeti vyake vimewekwa kwenye ngazi zinazopokezana: NVA 1 hadi 3 kwa ufundi stadi, kisha NTA 4, 5 na 6 kwa astashahada na stashahada, mpaka NTA 8 ambayo ndiyo shahada. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, ndani ya sekondari zenyewe. Maana yake mtoto atashika plasi akiwa na sare ya shule, tena si kwa sababu amefeli.

Sasa hesabu. Milioni moja na laki tatu mara tatu ni 3,900,000. Hapo hujapanga chumba, hujala, hujapanda treni. VETA ya serikali, kozi ndefu, ada kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ongeza sare, vifaa na michango, bado uko mbali na ada ya mwaka mmoja wa huko, na wewe utakuwa unalala kwenu na kula kwenu.

Na hiyo ada ya Dar es Salaam inatoka wapi? Inatoka kwenye dagaa. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 ili samaki wazaliane. Mimi naunga mkono kufunga, migebuka ilikuwa inatuishia. Lakini muulize baba miezi ile mitatu mfuko ulikuwaje, halafu mfikirie mwanafunzi aliyeko Dar es Salaam, mwenye nyumba anagonga mlango, na Kibirizi hakuna hata gunia la kupakia. Ada inayotegemea ziwa ikae karibu na ziwa.

Utaniambia mkopo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ni mzuri, umesomesha watoto wengi wa wavuvi na wakulima wa mkoa huu. Ila ni deni. Ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ukipata kazi ya mshahara wa 700,000, kila mwezi 105,000 inaondoka kabla hujaiona. Kwa mtu aliyesomea udaktari, uhandisi au kitu anachokipenda na kinachoajiri, hayo ni maumivu yanayovumilika. Kwa aliyesomea kitu kwa sababu tu ndicho kilichompokea, akarudi nyumbani kujitolea kama kaka yako, deni linamngoja njiani.

Simkejeli kaka yako, wala simcheki. Anafundisha watoto wetu kwa nauli ya kujitolea, na siku akiitwa kwenye usaili akapata, nitampongeza. Ninachosema ni kwamba nyumba moja ikishakuwa na mtu mmoja kwenye foleni hiyo, si lazima wa pili naye akapange nyuma yake.

Tuje kwenye umeme wenyewe. Mkoa huu uliishi na majenereta ya dizeli kwa miaka mingi. Unakumbuka usiku wa mgao, na bei ya barafu siku jenereta limekorofisha. Gridi ya Taifa ilianza kuingia mkoani mwaka 2022 kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu. Kule Igamba, mto Malagarasi, kuna mradi wa megawati 49.5. Reli ya kisasa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, na reli ile inaendeshwa kwa umeme, tofauti na hii yetu kongwe iliyofika hapa mwaka 1914.

Lakini tahadhari, usiende kusoma umeme kwa sababu ya mkandarasi wa reli. Mkandarasi akimaliza anafunga kambi na kuondoka. Nenda kwa sababu ya wale wanaobaki: mwenye mashine ya kusaga aliyechoka kununua dizeli na sasa anataka mota, mwenye friji za samaki, zahanati, hoteli, mjane anayejenga vyumba vya kupangisha Gungu.

Nikuonyeshe kazi moja ambayo mjini hapa wanaoiweza vizuri ni wachache: kusuka mota. Mota ikiungua utaijua kwa harufu kabla hujafungua mfuniko. Unafungua, unakuta waya wa shaba umekuwa mweusi. Fundi mwenye pupa anaukata na kuutupa. Wewe unahesabu kwanza mizunguko ya kila koili, unapima unene wa waya, unachora koili ipi imeingia mfereji upi, unaandika. Halafu unasafisha mifereji, unaweka karatasi mpya ya kuhami, unasuka kwa waya wa unene uleule, unaunga ncha, unapaka vanishi, unaacha ikauke sawasawa. Mwisho unapima kama umeme unavujia kwenye bodi. Ukipunguza mizunguko au ukitumia waya mwembamba kwa sababu ndio uliopatikana dukani, mota itazunguka vizuri siku ya kukabidhi, mteja atakulipa na kukushukuru, na wiki ijayo atarudi na mota begani na maneno mdomoni. Hapo E yako ya Hesabu haina neno. Kinachotakiwa ni mtu anayehesabu hadi mwisho na hasemi "inatosha".

Na wayaringi ya nyumba nayo ina sheria zake. Leseni ya kufunga umeme hutolewa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa madaraja, na nyumba mpya haiunganishwi mpaka fundi mwenye leseni aithibitishe. Mtaani wengi hawana. Wanafunga waya wiki nzima juani, kisha wanamtafuta mwenye leseni agonge muhuri, naye anachukua chake akiwa amekaa kivulini. Ukisoma, usiondoke bila kuulizia njia ya leseni. Muhuri uwe wako.

Ubaya wake nao upo, nisikupambie. Fundi anakopwa. Kuna mtu atakuambia "nitakutoa mwisho wa mwezi" na mwezi hauishi. Bila plasi nzuri, testa, mita ya kupimia na ngazi utakuwa kibarua wa mwenye vifaa. Kwa hili la vifaa, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo ukiwa chuoni anza kuangalia ni nani kati ya wenzako anayeamka mapema na harudishi vifaa vya watu vimevunjika. Hao ndio kikundi chako. Na kuna wateja watakaouliza "fundi yuko wapi?" nawe umesimama mbele yao na ngazi. Fungua boksi la fyuzi, endelea na kazi.

Je, ndiyo kusema shahada basi? Hapana, na hapa ndipo nataka baba anisikilize vizuri. Mtu akitaka kuwa mhandisi wa umeme aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, lazima apate shahada ya uhandisi, hakuna njia ya mkato. Ila njia ya kufika huko si moja. Ukiwa na Fizikia uliyoipata, unaweza kuomba stashahada ya uhandisi umeme kwenye vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Ufundi Arusha. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha na baadhi ya kozi za stashahada, uhandisi wa nishati ukiwemo, kwa hiyo soma mwongozo wao ujue kozi unayoiomba imo au haimo. Stashahada ukiipata kwa wastani (GPA) wa 3.0 au zaidi, mlango wa shahada unafunguka. Utaingia ukiwa umeshavuta nyaya, umeshapigwa shoti, umeshadaiwa na kudai. Mwalimu akichora mota ubaoni, wewe utakuwa umeshaisuka.

Basi msimamo wangu ni huu. Ile nafasi ya Utawala wa Biashara iache. Matokeo yako ya kidato cha sita hayaozi, mwakani au miaka mitatu ijayo bado ni yaleyale. Omba umeme VETA Kigoma. Masomo ya kozi ndefu huanza Januari na fomu hutoka miezi kadhaa kabla, kwa hiyo wiki hii nenda pale chuoni uulize mwenyewe, usitegemee kuambiwa. Soma umalize NVA 1, na mwakani dirisha la stashahada likifunguliwa, omba. Ukipata, nenda na cheti chako cha VETA begani. Ukikosa, endelea NVA 2 na utakuwa hujapoteza kitu.

Kuhusu baba, usibishane naye sebuleni mbele ya mama na wadogo zako. Nenda naye Kibirizi alfajiri mitumbwi inapoingia. Wavuvi wa dagaa wengi wameacha karabai, sasa wanatumia taa za betri na sola. Muulize kwa upole: taa zikigoma, wanamwita nani? Wanamlipa shilingi ngapi? Na anakuja siku ileile au wanamsubiri? Halafu mwambie unataka kufika shahada kwa kupitia njia hii, na umwonyeshe ngazi zile nilizoziandika hapo juu. Neno "shahada" alisikie kutoka kwako, maana nadhani anachoogopa ni kwamba unaikimbia. Majirani waliotangaziwa si tatizo. Wataambiwa binti anasomea umeme, na wa kwanza kukuita umtengenezee swichi bure atakuwa mmoja wao.

SWALI

Mjomba, mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Ujiji, miaka 34. Nilijifunzia kwa fundi mtaani tangu nikiwa kijana, natengeneza mageti, madirisha na mabodi ya magari. Juzi kampuni moja ya ujenzi ilihitaji wachomeleaji, nikaenda, wakaniuliza cheti. Sina. Wakamchukua kijana aliyehitimu juzi tu, ambaye mimi ndiye nilimfundisha kushika mashine alipokuwa field. Nirudi shule sasa hivi na watoto watatu?

Fundi wa Ujiji

MJOMBA ANAJIBU

Huna haja ya kurudi kukaa darasani miaka miwili, ndugu yangu. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia nje ya mfumo rasmi. Unajisajili, wanakupima kwa vitendo na kwa maswali, wanakuona umekamilika wapi na umepungua wapi, unapewa mafunzo mafupi ya kuziba pengo, kisha unapata cheti. Nenda chuo cha VETA hapo mjini uulizie urasimishaji ujuzi kwa jina hilohilo.

Kabla hujaenda, jipime mwenyewe. Sisi wa mtaani tumezoea chuma kikiwa kimelala mezani, tunachomelea kwa kutazama chini. Kampuni wanataka pia weldi ya wima na ya juu ya kichwa, ambako chuma kilichoyeyuka kinataka kukudondokea. Chukua vipande viwili vya bati nene, vifunge wima, uvichomelee kutoka chini kwenda juu. Kikipoa, kata kati uone kama moto umeingia mpaka ndani au umepaka juu tu. Fanya hivyo mpaka ukikata usione pengo. Piga picha za mageti yako mazuri, uende nazo. Na kijana uliyemfundisha usimchukie. Mwombe akuambie waliulizwa nini.

SWALI

Mjomba, nakuandikia kutoka Sikonge, Tabora. Mwanangu amemaliza form four, amefaulu wastani tu. Anataka kwenda Chuo cha Nyuki Tabora. Babu yake ana mizinga zaidi ya mia porini na anacheka, anasema nyuki hafundishwi mtu chuoni, na sisi wazazi tulitaka aende form five ili baadaye afike chuo kikuu. Ni kozi ya maana kweli au ni kupoteza muda?

Mzazi wa Sikonge

MJOMBA ANAJIBU

Babu ana haki ya kucheka, maana anajua vitu ambavyo chuo hakitamfundisha kijana: mti gani unachanua lini, mzinga uning'inie upande gani, nyuki wakali watulizwe vipi. Lakini muulizeni babu asali yake anamuuzia nani na kwa bei ya nani. Hapo kicheko kitapungua.

Asali ikibeba maji zaidi ya asilimia 20 huanza kuchacha, na mnunuzi mkubwa anaipima kabla ya kuuliza bei. Chuoni kijana atajifunza kuipima, kuvuna masega yaliyofunikwa tu, kuchuja bila kuichemsha, kufungasha, kufuata masharti ya Shirika la Viwango (TBS), na kutumia mizinga isiyohitaji kuchuna magome ya miti hai. Miombo yetu imechunwa vya kutosha. Kwa mtoto ambaye tayari ana mizinga mia ya babu nyuma yake, hiyo si kozi ndogo hata kidogo. Na kuanzia astashahada anaweza kwenda stashahada, halafu akitaka shahada za misitu na maliasili ziko Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Form five nayo si mbaya, na tangu 2022 haina ada kwa shule za serikali, lakini mpelekeni huko kama yeye anaitaka.

Kabla ya kulipia fomu, angalieni vyeti vyake. Kwa astashahada huhitajika ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, na chuo kina masomo yake kinachoyataka hasa, kwa hiyo pigeni simu chuoni muulize. Na mwambieni kijana msimu huu wa kurina asiukose, aende na babu porini, achukue daftari.